Puli Ndogo Ikae Kwanza: Njia ya Hewa ya Injini ya Supachaja kwenye Joto la Dar es Salaam

Katikati ya Februari, bahari ya Msasani ikiwa imetulia na jua la kaskazi likiwaka tangu saa mbili asubuhi, alinijia mzee mmoja mwenye boti ya mwendo kasi ya futi 30, yenye injini moja ya petroli ya V8, lita 8.2, iliyofungwa supachaja. Mkononi alikuwa na kitu kizito kilichoviringishwa kwenye gazeti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akafungua gazeti na kunionyesha puli mpya ya alumini, yaani gurudumu la supachaja linalozungushwa na mkanda, ambayo kijana wake alimletea kutoka Marekani.

“Fundi, nifungie hii, Jumamosi nataka niwafikishe wajukuu kisiwani Mbudya kabla chai haijapoa.”

Nilimwomba aniachie boti kwa siku nne na puli aiweke kwanza. Hakufurahi, na sikumlaumu, kwa sababu puli hufungwa kwa saa mbili na matokeo yake huonekana siku hiyohiyo. Ninaandika hapa kwa nini nilimkatalia na tulifanya nini badala yake, kwa kuwa maombi ya namna hii nayapata mara nyingi, na karibu kila anayekuja ameshaamua kwamba nguvu inatafutwa kwenye puli.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Aina ya kale zaidi inatokana na ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya kipuliza hewa chao mwaka 1860, wakati ambapo injini ya petroli haijawa kitu cha kuzungumziwa. Ile ya skrubu pacha ilitengenezwa na Mswidi Alf Lysholm katika miaka ya 1930. Zote mbili hufanya kazi kwa kuchota: kila mzunguko huchota ujazo uleule wa hewa na kuusukuma mbele, iwe hewa hiyo ni nzito au nyepesi, ya baridi au ya moto. Msomaji akilishika jambo hilo moja, mengine yote yatafuata yenyewe. Pampu inahesabu lita, lakini moto ndani ya silinda unahesabu uzito wa hewa.

Puli ndogo huifanya pampu izunguke kwa kasi zaidi. Puli ya mzee ilikuwa ya inchi 3, na iliyokuwa imefungwa ilikuwa ya inchi 3.5, kwa hiyo supachaja ingeongeza kasi kwa takriban asilimia 17. Presha iliyokuwa ikisomeka paundi 6 kwenye geji ingepanda hadi zaidi ya paundi 9. Hilo ndilo linalowafurahisha watu. Lisilowafurahisha ni kwamba hewa inapogandamizwa hupata joto, na supachaja ya aina ya Roots huongeza joto lake mwenyewe juu ya lile ambalo haliepukiki. Nilimkokotolea mzee kwenye kipande cha boksi: hewa ikiingia na nyuzi 45, kama ilivyokuwa ndani ya chumba cha injini yake, hutoka kwenye pampu ikiwa na nyuzi zipatazo 98 kwa paundi 6, na zipatazo 125 kwa paundi 9. Hewa yenye joto la namna hiyo, ikikutana na petroli ndani ya silinda, haisubiri plagi. Huwaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni ya alumini haivumilii kugongwa kwa muda mrefu.

Tena boti si gari. Gari hukanyagwa mpaka mwisho kwa sekunde chache, likapita lori, dereva akaachia. Boti ikiwa kwenye kasi yake inasukuma maji muda wote, na hakuna mteremko wa kupumzikia. Ni kama lori lililobeba mzigo likipanda Kitonga, isipokuwa Kitonga hii haina kilele. Kwa hiyo kasoro ambayo gari lingeiishi nayo miaka mitano, boti inaweza kuilipa kwa safari moja ya Zanzibar.

Mazingira yetu nayo yana hesabu yake. Vifaa vingi vya injini hizi hubuniwa na kujaribiwa kwenye maziwa ya Marekani, mahali ambapo maji yanaweza kuwa na nyuzi 12 na hewa nyuzi 20. Hapa, wakati wa kaskazi, hewa ya mchana ni nyuzi 32, bahari ni nyuzi 29, na unyevu ni mwingi kiasi kwamba mvuke wa maji peke yake huchukua asilimia 3 hadi 4 ya presha ya hewa tunayovuta. Mvuke hauchomi petroli. Mtu anayenakili mipangilio ya injini ya ziwa la baridi na kuileta Msasani ananakili nusu ya hesabu tu.

Basi tulianza kwa kupima. Kifaa changu cha kupimia hakitoki dukani kwa mabaharia. Ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uleule ambao mafundi ujenzi hujaza maji ili kusawazisha msingi wa nyumba, niliounyoosha kwa umbo la herufi U kwenye ubao wenye alama za sentimita. Upande mmoja unaachwa wazi, upande wa pili unaingizwa mahali unapotaka kupima. Hewa ikinyonywa huko, maji yanapanda upande huo na kushuka upande wa pili, na tofauti kati ya vimo viwili ndiyo jibu. Kila sentimita 10 za maji ni karibu asilimia 1 ya presha ya hewa. Ubao wote haukunigharimu hata bei ya chakula cha mchana.

Lazima niungame kosa nililolifanya miaka ya nyuma na ubao huohuo. Niliutoboa mlango wa hewa baada ya throto, yaani kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini, badala ya kabla yake. Injini ilipokuwa imefunguliwa mpaka mwisho vipimo vilikuwa vizuri, lakini nahodha alipovuta mkono wa gesi kurudi nyuma, throto ikajifunga, mvuto ukawa mkubwa ghafla, na maji yote niliyokuwa nimeyatia rangi ya juisi nyekundu yakapotea ndani ya injini kama soda kwenye mrija. Injini ilikohoa mara mbili na kuendelea, kwa bahati yangu, maana maji yenyewe hayakufika hata kikombe. Tangu siku hiyo napima kati ya kizuia moto, ambacho nitakieleza hapa chini, na throto, na mpira nauacha mrefu kuliko ninavyodhani nitahitaji.

Tuliingiza mpira kwanza kwenye chumba cha injini, kifuniko kikiwa kimefungwa kama kawaida, tukatoka kuelekea kati ya Bongoyo na Mbudya. Kwa mizunguko 4,650 kwa dakika, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa boti hiyo, maji yalisimama sentimita 9. Maana yake chumba kizima kilikuwa kinakosa hewa. Si ajabu, kwa sababu injini ya ukubwa huo, pamoja na supachaja yake, humeza karibu lita 400 za hewa kila sekunde, sawa na mapipa mawili ya mafuta, na hewa yote hiyo ilikuwa ikipita kwenye matundu mawili ya ubavuni yenye vibao vya plastiki, kila moja likiwa na uwazi halisi usiozidi kiganja changu. Kisha tukahamishia mpira nyuma ya kizuia moto. Maji yakapanda hadi sentimita 41. Asilimia 4 ya hewa ilikuwa imeshapotea kabla supachaja haijaigusa, na juu ya hapo hewa iliyosalia ilikuwa na nyuzi 45 wakati nje ni nyuzi 32, jambo linalopoteza asilimia nyingine 4 ya uzito wake. Mzee alikuwa anataka kununua presha mpya huku ile aliyonayo inazibiwa mlangoni.

Hapa niseme neno juu ya kizuia moto, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa kwa nia njema kuliko vyote. Ni kile kikapu cha chuma chenye vipenyo vyembamba kinachokaa mahali ambapo gari lina chujio la hewa. Kazi yake ni kuzima mwale iwapo injini itapiga mlipuko kurudi nyuma, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ya boti na hauna pa kutokea. Sheria ya Marekani inakidai kwenye injini za petroli za ndani ya boti zilizofungwa baada ya Aprili 25, 1940, na sababu yake ni ileile Dar es Salaam kama ilivyo Florida. Nimeshakuta boti hapa jijini iliyofungwa chujio la sponji la gari la mashindano, tajiri akijisifu kwamba sasa injini “inapumua”. Inapumua kweli, na siku ikipiga chafya itamchoma. Hicho nilikitoa bila kujadiliana na mtu, na naomba msomaji afanye hivyo pia.

Cha mzee kilikuwa halali ila kichafu. Mafuta ya injini yaliyorudi kwa njia ya mvuke yalikuwa yamekamata chumvi, na chumvi ikakamata vumbi, mpaka theluthi moja ya vipenyo ikawa imezibwa na kitu kama lami ya kijivu. Tulikiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji baridi, tukakianika. Kwa kuosha tu, sentimita 41 zikashuka hadi 27. Kijana wangu wa karakana alicheka, akauliza kama tumtoze mzee pesa ya kufua.

Zilizobaki ziliondolewa kwa kazi zaidi. Tulimpelekea fundi mmoja wa fiberglasi wa Kunduchi vipimo vya boksi linalozunguka mlango wa hewa wa injini, lenye bomba pana linalopanda hadi chini ya viti vya nyuma, ambako hewa ni ya nje na maji hayafiki kirahisi. Kizuia moto kikubwa zaidi, kilichotengenezwa kwa ajili ya boti, kikakaa ndani ya boksi hilo. Nilisisitiza mdomo wa bomba uwe na ukingo wa duara, mnene kama kidole gumba, badala ya ukingo mkali wa msumeno, kwa kuwa hewa ikipinda kwenye ukingo mkali hujitenga na ukuta na kulifanya tundu pana liwe dogo. Fundi aliona ni urembo. Nilimwekea mkono wake kwenye ncha ya bomba la kipuliza vumbi, tukiwa na ukingo na bila ukingo, akaacha kubishana. Feni ya kutoa mvuke wa petroli tuliiacha kama ilivyo, na bado inatakiwa iendeshwe dakika nne kabla ya kuwasha, kwa sababu chumba chenye hewa nzuri ya injini si lazima kiwe chumba kisicho na mvuke pale chini. Mwisho wa kazi maji kwenye ubao yalisimama sentimita 7.

Hayo yote yako kabla ya supachaja, na hapo ndipo uzito wa hewa unapopatikana. Baada ya supachaja kuna kipoza hewa, ambacho mafundi wengi tunakiita intakula, na kazi yake kwenye mfumo huu ni tofauti na wengi wanavyodhani. Supachaja imeshachota uzito wake, kipozaji hakiongezi hata gramu moja. Kinachoongezeka ni usalama, yaani umbali kati ya injini na kugonga. Kwa hewa ya nyuzi 98 na maji ya bahari ya nyuzi 29, kipozaji kizuri kinapaswa kuondoa kama theluthi mbili ya tofauti hiyo. Cha mzee kiliondoa chini ya nusu, na hewa ikaingia kwenye silinda na nyuzi 71.

Tulikifungua. Ndani ya vijibomba vya maji kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, vipande vya mwani, na kwenye mlango wa maji, ukiwa umejikunja vizuri kama vitumbua kwenye sahani, mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, ila bahari haijasoma tangazo. Baada ya kusafisha kwa dawa hafifu ya asidi na maji mengi, tuliziba milango yake, tukatia upepo, tukakizamisha kwenye pipa la maji na kuangalia mapovu, kama fundi pancha anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Kipimo hiki sikiruki kamwe. Kipozaji kilichotoboka huvujisha bahari kwenye njia ya hewa boti ikiwa imefungwa gatini usiku, asubuhi mtu anawasha, pistoni inakutana na maji yasiyogandamizika, na mkono wa pistoni unapinda kama msumari. Hakikutoa povu. Tukabadilisha zinki zake, vile vipande vinavyowekwa ili viliwe na maji ya chumvi badala ya chuma chenyewe, ambazo zilikuwa zimeliwa na kubaki kama mbegu za tende, tukakirudisha. Kwenye majaribio, hewa iliingia na nyuzi 48.

Sasa ndipo shida ya kibinadamu ilipoanza. Mzee alipanda boti siku ya nne, tukafungua gesi mpaka mwisho, naye macho yake hayakutoka kwenye geji ya presha. Sindano ilisimama paundi 6, palepale.

“Fundi, siku nne, na sindano haijasogea hata unywele?”

Nilimwonyesha geji ya mizunguko: 4,770 badala ya 4,650, kwa propela ileile. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela hupanda takriban kwa mchemraba wa mizunguko, kwa hiyo zile 120 zinazoonekana ndogo ni nyongeza ya karibu asilimia 8. Presha haikupanda kwa sababu mambo mawili yalivutana. Hewa iliyoingia iliongezeka uzito, jambo linalopandisha sindano, na wakati huohuo ilipoa, jambo linaloishusha. Geji ya presha haipimi nguvu. Inapima jinsi hewa inavyosongamana mbele ya injini, na hewa ya moto husongamana kuliko ya baridi. Alisikiliza kwa heshima, akaangalia sindano tena, na nikaona kwamba hajaridhika kabisa. Aliridhika tulipofika Mbudya.

Kuhusu mafuta nitakuwa mfupi. Injini iliyopata hewa zaidi inadai petroli zaidi, na kompyuta ya injini hii hukadiria hewa kwa kusoma presha na joto. Joto hilo linasomwa na sensa moja ndogo, na kama sensa iko mahali pasipofaa, kompyuta itadhani hewa ni ya moto kuliko ilivyo na itanyima mafuta wakati injini inayahitaji zaidi. Tulipima moshi kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana, gesi ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, tukapata chini kidogo ya sehemu 12 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ambayo ni sawa kwa injini ya supachaja inayofanya kazi nzito. Ingekuwa 13 tungerudi gatini polepole. Mkanda nao uangaliwe: ukiona vumbi jeusi limejipaka kuzunguka puli, unateleza, na puli ndogo ingeuteleza zaidi kwa kuwa inaushika kwa eneo dogo.

Wenye jetski wataniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, tena zaidi. Sea-Doo wameuza jetski za supachaja tangu 2003, na Mercury wakafuata mwaka 2004 na injini ya kufungwa nyuma ya boti iitwayo Verado, silinda sita, lita 2.6. Supachaja za jetski nyingi ni za feni inayozunguka kwa kasi kubwa, si za kuchota, na presha yake hupanda takriban kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kizuizi kidogo mlangoni hakionekani mwanzoni na huuma pale juu kabisa. Kwenye hizo kipoza hewa huongeza nguvu waziwazi. Kwingineko utaratibu ni uleule: pima mlango, pima joto, ndipo uguse chochote kinachoongeza kasi.

Puli ya inchi 3 bado iko kwenye droo yangu ndani ya gazeti lake. Mzee ameniruhusu niongeze kwanza inchi moja ya hatua ya propela, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa sababu inchi moja ya hatua hushusha mizunguko kama 150 hadi 200, na sasa injini ina nguvu ya kuibeba. Kinachonisumbua kwa wakati huu ni jambo jingine. Tangu kusi ianze na chaneli iwe na mawimbi ya ubavuni, kila nikifungua boksi la hewa nakuta unga mweupe wa chumvi kwenye theluthi ya chini ya kizuia moto, ingawa mdomo wa bomba uko chini ya viti. Nimeweka chemba ya kunasa matone yenye tundu la kutolea maji, na unga umepungua bila kuisha. Naweza kuugeuza mdomo uangalie nyuma, nikubali kupoteza sentimita mbili tatu kwenye ubao, au niuache na kukiosha kizuia moto kila baada ya wiki mbili. Wiki ijayo nitaujaribu ukiwa umegeuzwa, na mpira wa maji ukiwa mahali pake, kabla ya throto.